Feni ya Hita Imezima Kwenye Lori Kuukuu? Fuata Umeme Kabla Hujanunua Spea

Ilikuwa Julai, saa tisa usiku, natoka Njabini na magunia ya viazi kuelekea soko la Marikiti, Nairobi. Kabla sijafika Flyover ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, na kioo cha mbele kimejaa mvuke upande wa ndani. Nikawasha feni ya hita. Kimya. Utingo wangu alifuta kioo kwa fulana yake hadi Limuru, na kila akimaliza kufuta, pumzi zetu wawili zilikuwa zimekijaza tena. Nilikuwa naona mita 10 mbele, pengine 15, na matrela yananipigia honi kwa nyuma.

Ndiyo maana feni ya hita kwangu si kitu cha starehe. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Kinangop, ambako Njabini iko, inapita 2,400. Ukishuka kutoka huko alfajiri bila hewa kavu inayopiga kioo, unaendesha kwa kubahatisha. Shida ni kwamba lori likizoea njia za joto linaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kugusa swichi ile, na ubovu unagunduliwa usiku uleule unapoihitaji.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alibadilisha fyuzi. Ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Akachukua uzi wa shaba akaufunga pale pa fyuzi, na feni ikazunguka, kwa uzito lakini ikazunguka. Siku ya tatu, nikiwa Rironi, kabini ilijaa harufu ya plastiki inayoungua. Nilisimama nikang'oa kichwa cha betri kwa mikono inayotetemeka. Waya tatu zilikuwa zimeyeyuka na kushikana chini ya dashibodi. Kumbe bushi za mota, vile vipete vinavyobeba shafti yake, zilikuwa zimekauka, mota inajikokota na kuvuta umeme mwingi kupita kiasi, na fyuzi ilikuwa inakata kama ilivyotengenezwa kufanya. Tangu siku hiyo sibadilishi kitu kabla sijajua umeme umefika wapi na umekwamia wapi. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Kabla ya kushika bisibisi

Jua lori lako ni la volti ngapi. Usihesabu betri peke yake, maana kuna lori zenye betri mbili zilizofungwa sambamba na bado ni za volti 12. Washa funguo bila kuwasha injini, weka ncha moja ya mita kwenye fyuzi ya hita na nyingine kwenye bodi. Ikisoma 12 na pointi, ni mfumo wa 12. Ikisoma 25 hivi, ni wa 24. Injini ikinguruma, mfumo wa 12 husoma kati ya 13.8 na 14.4, na wa 24 husoma 27.5 hadi 28.5 hivi. Ukikuta chini sana ya hapo, anza na alteneta na betri, kwa sababu feni haiwezi kuwa na nguvu ambayo lori lenyewe halina.

Vua pete na saa ya mkononi. Zuia magurudumu. Wakati wa kupima betri inabaki imefungwa, lakini ukianza kukata au kuunga waya, toa kwanza kichwa cha hasi.

Halafu tengeneza testa yako mwenyewe: balbu ya indiketa ya wati 21 yenye volti sawa na za lori, holda yake, waya mbili za mita moja na nusu, klipu upande mmoja na msumari mwembamba upande wa pili. Balbu ya volti 12 kwenye lori la 24 itaungua, kwa hiyo soma maandishi kwenye kitako chake.

Kwa nini balbu na mita ipo? Mzee mmoja wa waya pale Kariobangi Light Industries ndiye aliyenifungua macho. Nilimwonyesha mita yangu ikisoma 24.6 kwenye plagi ya mota, nikamwambia umeme upo, kwa hiyo mota imekufa.

"Kijana wangu, hiyo mita inanusa tu," akasema. "Upe umeme mzigo ubebe, tuone."

Akaweka balbu pale pale. Ikatoa wekundu hafifu kama kaa la jiko linalozimika. Tukafuata ile waya hadi pembeni mwa mlango, mahali maji ya mvua yanapopenyea, akaichuna kwa wembe. Ndani ya ganda zima lisilo na alama yoyote, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki hazikuzidi nne. Nyuzi nne zinatosha kuipa mita namba nzuri. Kuzungusha feni, hapana. Mota yangu ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa tayari nimetoa pesa mfukoni kununua nyingine.

Feni yenyewe inakuambia nini

Kama inazunguka kasi ya mwisho tu na kasi za chini zimekufa, karibu kila mara ni rezista. Hiki ni kipande kidogo chenye waya zilizoviringwa kama springi. Kasi ya kwanza hupitisha umeme kwenye springi zote, ya pili hupunguza moja, na ya mwisho haipiti huko kabisa. Inapita njia yake. Ndiyo maana rezista ikikatika kasi ya mwisho inabaki.

Kama inaanza ukiigonga, au lori likipita tuta, basi kaboni za mota, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Kama inalia kwa kukwaruza, kuna kitu ndani ya gurudumu la mapanga au bushi zimelegea. Kwenye gurudumu langu nimewahi kutoa konzi nzima ya maua makavu ya mjakaranda, kwa sababu nilikuwa naegesha chini ya mti huo msimu wa Oktoba. Lori la mwenzangu lilikuwa na kiota cha panya. Vaa barakoa ukisafisha kiota, vumbi lile si la kuvuta.

Na kama feni inapuliza vizuri lakini hewa ni baridi, acha feni. Angalia maji ya rejeta, kebo ya vali ya hita na themostati. Injini ikipata moto, gusa mipira miwili ya hita: yote miwili inapaswa kuwa ya moto. Mmoja ukiwa baridi, maji hayazunguki. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto.

Feni isiyofanya kitu kabisa ndiyo yenye kazi, na njia yake ni hii.

Hatua ya 1: fyuzi

Ichomoe uitazame kwenye mwanga. Za plastiki husomeka kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Rangi inayotakiwa imeandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Usifuate iliyokuwepo, maana hujui aliyekutangulia aliweka nini. Kama imeungua, weka mpya ya ampea zilizoandikwa hapo, mara moja tu, lakini kwanza chomoa plagi ya mota. Ikiungua hata mota ikiwa imechomolewa, kuna waya imechunika na inagusa bodi. Ikiungua pale tu unapochomeka mota, mshtakiwa ni mota. Jaribio hilo la dakika mbili lingeniokoa kule Rironi.

Hatua ya 2: rilei

Rilei ni swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Washa feni na usikilize mlio wake wa "tak". Usiposikia, chukua rilei nyingine yenye namba hiyohiyo kwenye kisanduku, ya honi kwa mfano, ubadilishe. Haina mengi zaidi ya hayo.

Hatua ya 3: plagi ya mota

Hapa ndipo jibu lilipo mara nyingi. Kwenye lori nyingi za Kijapani zinazotembea hapa kwetu, mota iko upande wa kushoto, miguuni pa utingo, nyuma au chini ya kile kisanduku cha kuwekea vitu. Chomoa plagi yake yenye waya mbili, washa funguo, weka swichi ya feni kasi ya mwisho.

Funga klipu ya testa kwenye chuma kisicho na rangi, kisha gusa waya moja, halafu nyingine. Zote mbili zikiwa kiza, umeme haufiki: rudi kwenye fyuzi, rilei, na waya iliyo kati. Moja ikiwaka vizuri, umeme unafika, na sasa fanya jaribio la maana. Toa klipu kwenye bodi, uweke testa kati ya waya zile mbili za plagi, moja huku na nyingine kule.

Ikiwaka kwa nguvu, umeme unaingia na njia ya kurudi ipo. Mota ndiyo mbovu, na una haki ya kuifungua. Ikikataa kuwaka hapo ilhali kwenye bodi iliwaka, mota yako haina kosa: njia ya kurudi imekatika. Kwenye lori nyingi za aina hii umeme hupita kwenye mota kwanza, ndipo unarudi kupitia rezista na swichi hadi kwenye athi, yaani kwenye bodi. Watu wengi hawajui hilo. Wanakuta umeme kwenye waya ya mota, wanaona feni haizunguki, wanakimbia Kirinyaga Road kununua mota mpya, wanaifunga, na hiyo mpya nayo hailii.

Hatua ya 4: rezista, swichi na athi

Rezista imefungwa kwa skrubu mbili kwenye njia ya hewa, karibu na mota. Imewekwa hapo makusudi ili upepo uipoze. Nimeona mafundi wakiining'iniza nje chini ya dashibodi kwa sababu tundu lake limevunjika. Hapo itachoma zulia. Chomoa plagi, weka mita kwenye kipimo cha omu, upime kutoka mguu mmoja hadi mingine. Kila mguu unapaswa kutoa namba ndogo, omu chache au chini ya moja. Mguu usiotoa namba umekatika.

Rezista nyingine zina fyuzi ya joto iliyobanwa juu yake, kidude kidogo kinachokata joto likizidi. Kikikata, usikiruke kwa kipande cha waya. Kinunue cha nyuzi joto zilezile na ukibane kwa koleo badala ya kulehemu, kwa sababu joto la risasi hukiua kabla hujawasha lori. Na jiulize kwa nini kilikata. Mara nyingi gurudumu limejaa uchafu, upepo ni mdogo, rezista haipoi. Au mota ni nzito. Ukibadilisha rezista ukaacha mota nzito, baada ya wiki chache utarudi dukani kununua nyingine.

Swichi inajionyesha yenyewe. Vuta plagi yake nyuma ya dashibodi uitazame: plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka kuzunguka mguu mmoja maana yake mguu huo haushiki sawasawa. Kata waya nyuma hadi ukute shaba inayong'aa, weka plagi nyingine. Kubadilisha swichi na kuiacha plagi iliyoungua ni kuipa swichi mpya ugonjwa wa ile ya zamani.

Athi ni ule mshiko wa waya kwenye bodi. Feni ikiwa kasi ya mwisho na mota imechomekwa, weka ncha moja ya mita kwenye waya ya athi ya swichi na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, fungua ile skrubu, kwangua kutu na rangi hadi chuma kionekane, kaza upya, upake grisi juu yake. Lori lililobadilishiwa rangi mara tatu huwa na athi zinazokaa juu ya rangi.

Hatua ya 5: kufungua mota

Mota hushikwa na skrubu tatu. Kabla ya kuitoa, chora alama ya kalamu inayovuka kutoka kwenye mota hadi kwenye nyumba yake ili uirudishe ilivyokuwa. Ikishatoka, zungusha gurudumu kwa kidole. Iliyo nzima huteleza kidogo kabla ya kusimama. Ikisimama papo hapo kama imeshikwa, bushi zimekauka.

Ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa waya yenye fyuzi ya ampea 15 au 20 katikati. Ishike imara kwa mkono au uibane katikati ya magoti, maana ikianza hujirusha.

Safisha mapanga kwa brashi kavu. Ukiona kibanio kidogo cha chuma kwenye panga moja, kiache hapo hapo! Hakikuingia kwa bahati mbaya. Ni uzito wa kusawazisha gurudumu, na ukikitoa mota itatetemesha dashibodi nzima na kumaliza bushi zake mapema.

Mota za zamani nyingi zinafunguka kwa skrubu mbili ndefu. Ndani utaona kaboni mbili zinazosukumwa na springi. Zikibaki kama milimita 5, badilisha zote mbili. Fundi wa kusuka mota hukosi kumpata kwenye jua kali, na hukata kaboni kubwa kuzifikisha saizi yako. Ule mviringo wa shaba unaosuguliwa na kaboni usugue kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, kisha kwa kijiti cha meno toa unga mweusi kwenye mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba. Unga ule hupitisha umeme. Bushi zipe matone mawili ya oili nyepesi ya mashine, juu na chini, usizidishe. Oili ikifika kwenye kaboni umeharibu kazi yote, na mafuta ya kupikia huganda kama gundi.

Ikibidi kununua

Nenda na mota ya zamani mkononi. Linganisha volti zilizoandikwa, unene wa shafti, matundu ya skrubu na plagi. Mota ya volti 12 kwenye lori la 24 itavuma vizuri sana kwa muda mfupi kisha iungue. Ya 24 kwenye lori la 12 itazunguka kivivu na utalaumu waya bure. Kwa mota ya ex-Japan, yaani iliyokwisha kutumika Japani, mwombe muuzaji aiunge kwenye betri mbele yako kabla hujalipa, na usikilize ikizima: ikisimama kwa kukwaruza, irudishe kaunta.

Kuna jambo moja linalosumbua wengi baada ya kufunga mota nyingine. Inazunguka kwa kasi lakini upepo ni hafifu. Geuza waya zake mbili. Gurudumu la aina hii likizunguka kinyume bado hupuliza kuelekea upande uleule, ila kwa nguvu ndogo, kwa hiyo si rahisi kutambua kwamba linarudi nyuma.

Kujaribu

Rudisha kila kitu, weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa, uache feni kasi ya mwisho kwa dakika 15. Gusa plagi ya mota, ya rezista na ya swichi, moja baada ya nyingine. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kidole, kuna mshiko mbaya hapo na kazi bado haijaisha.

Halafu subiri injini ipate moto, sukuma wenzo wa hewa upande wa kuingiza ya nje, maana hewa ya ndani ina pumzi zenu na itazidi kujaza kioo, kisha elekeza upepo kwenye kioo. Mimi nilijaribu yangu Soko Mjinga, alfajiri, ukungu ukiwa umefunika vibanda vyote. Kioo kilianza kufunguka chini, juu ya matundu, nusu duara mbili ndogo, zikapanda polepole hadi zikakutana katikati. Utingo alikuwa tayari ameshika fulana. Akaikunja akairudisha nyuma ya kiti.